Sauti Ambayo Ng'ambo Hawakuisikia

Nyumbani kwetu Nyaramba, baba aliimba besi miaka yote niliyomjua, na hakuna mtu wa ng'ambo aliyewahi kumsikia.

Ng'ambo ni ule mlima unaotazamana na wetu. Chini kabisa, katikati, kuna mto, na pande zote mbili ni chai na migomba mpaka karibu na milango ya watu. Mtu wa ng'ambo ni jirani wa kusikia kuliko wa kutembelea. Kushuka na kupanda ni jasho, lakini ukimwita kutoka uani kwako anaitika akiwa uani kwake. Mtu akigombana na mumewe, ng'ambo wanajua ugomvi umefika wapi. Mama akiimba walimsikia vizuri sana. Baba akiimba kando yake, hawakusikia kitu.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likianza kushuka, kazi zote husimama. Majani chai yameshafika kwenye kituo cha kuuzia, ng'ombe amekamuliwa, nguo za kanisa zimepigwa pasi, na watu wa nyumba hukaa sebuleni kuipokea Sabato kwa wimbo, neno na sala. Kwetu tulikaa kwenye benchi refu la mbao ambalo baba alilitengenezesha alipooa. Mama aliimba sauti ya kwanza, nyembamba na kali, inayopita dirishani na kuvuka mto bila kulowa. Baba alikuwa chini yake, chini sana, kiasi kwamba mgeni angeweza kudhani mzee anasinzia.

Nilipenda kukaa mwisho wa benchi, nimemwegemea baba ubavuni. Hapo wimbo haukuingia kwa masikio. Uliingia kwa mbavu na kwa ubao niliokalia, ukanitetemesha tumbo taratibu, na nikajua kila kitu kiko sawa, hata kama kesho yake ningechapwa kwa kosa ambalo mama alikuwa hajaligundua.

Alikuwa na kasoro moja. Kwenye mstari wa tatu wa wimbo wetu wa Ijumaa, baba alichelewa. Kila Ijumaa. Alivuta pumzi kama mtu anayejaza mtungi kisimani na hataki kuondoka kabla haujajaa, na sisi tuliobaki tulikaa na midomo wazi tukimngoja. Mimi nina damu ya haraka tangu utotoni. Nilikuwa namfinya mkono ili aingie, naye hakushtuka hata kidogo. Mama hakumharakisha. Alinyamaza akatazama mlangoni mpaka besi iingie, ndipo akaendelea.

Kesho yake kanisani, mama mmoja wa ng'ambo, rafiki wa mama tangu wote wawili walipoolewa huku, alikuwa na mzaha wake ambao hakuuchoka.

"Jana tumekusikia ukiimba peke yako. Mzee alikuwa wapi?"

"Alikuwa karibu nami," mama alijibu. "Ni nyinyi mko mbali."

Baba alikuwa akicheka na kusema debe tupu haliachi kuvuma. Lakini mimi mzaha ule uliniudhi. Nilimpenda baba na nilitaka asikike. Niliona ni dhuluma mtu awe na sauti kama ile na mlima mzima usiijue.

Alifariki mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu. Kuhusu mazishi sina mengi ya kusema, ila watu walijaa na spika zilikuwa kubwa, kama desturi. Kwetu matanga hayaendi bila spika. Mlima wa pili husikia mdundo wa besi kwanza, halafu ndipo watu waanze kupigiana simu kuulizana.

Ijumaa ya kwanza baada ya wageni kuondoka, mama alisoma neno, akaomba, akasema amina. Nikamuuliza kuhusu wimbo. Akasema koo limekauka. Ijumaa ya pili koo lilikuwa bado limekauka. Miezi ikapita, na mimi nisiyejua kunyamaza nikamwambia koo gani hili lisilopona, twende hospitali. Akaifunga Biblia.

"Mwanangu, sauti ya kwanza hukaa juu ya kitu. Mimi sasa nikalie nini?"

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Nililia kule kwenye migomba mpaka nikajichukia.

Siku za kazi mimi niko ofisini Kisii mjini, nahangaika na hesabu za watu wengine. Jumapili napiga gitaa la besi kwenye bendi ya arusi, kwa maana Wasabato huoana Jumapili na chakula huwa kizuri. Mama hakuwahi kuupenda mchezo huu. Alipoliona gitaa langu mara ya kwanza aliuliza kwa nini lina nyuzi nne tu, zile mbili nimezipeleka wapi. Sikuwahi kumwambia kwa nini nilichagua besi wakati wenzangu wote walitaka kupiga solo. Sikuwahi kumwambia kwamba ni kwa sababu ya lile benchi.

Sasa nikapata wazo. Kama mama anataka kitu cha kukalia, nitamletea. Nitajifunza sauti ya baba kwa gitaa, noti kwa noti, na Ijumaa nitaipiga nyumbani. Noti zenyewe zilikuwa rahisi. Shida ilikuwa chombo cha kuzitoa, kwa sababu bendi yetu hukodi vyombo na mimi sikuwa na amplifaya wala spika yangu mwenyewe. Gitaa la besi lisilo na amplifaya ni ubao tu. Basi nikaanza kuzunguka Kisii nikitafuta.

Muuzaji niliyemwendea ana duka la vyombo vya muziki ghorofani, na uwanja mdogo wa kukodishia vyombo pembeni mwa mji. Ni mtu wa maneno. Ukimuuliza bei ya waya anakupa historia ya waya. Lakini anavijua vyombo vyake, na alinieleza mambo ambayo miaka yote kwenye bendi nilikuwa nayapita tu. Aliniambia noti za chini zinakula nguvu kuliko za juu, kwa hiyo mpiga besi anahitaji wati nyingi kuliko mpiga solo anayesimama kando yake. Aliniambia pia nisidanganyike, ukiongeza wati mara mbili sauti haiwi mara mbili, inapanda kidogo tu. Kinachobadilisha mambo ni boksi la spika.

Alikuwa na maboksi ya aina mbili. La kwanza lilikuwa na spika nne za inchi kumi, limekazwa, jeusi, linang'aa. La pili lilikuwa pana na la zamani, lenye spika moja tu ya inchi kumi na tano na tundu chini yake, na zulia lililolifunika limechakaa pembeni kana kwamba paka alinolea kucha hapo.

"Hii ya inchi kumi ni kitu ya nguvu, madam," alisema. "Ukiwasha hii Nyaramba, mtu ya Magwagwa anatafuta viatu ya kucheza."

"Tujaribu," nikasema.

Sasa, watu wa milimani tuna namna yetu ya kujaribu spika. Hatusimami mbele yake. Mmoja hubaki na chombo, mwingine huvuka bonde, halafu wanapigiana simu. Spika za mahubiri hujaribiwa hivyo, na za matanga pia. Asiyefanya hivyo tunasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo nilibaki kwenye ule uwanja wake na gitaa, na mpiga ngoma wa bendi yetu, niliyekuja naye, akateremka, akapanda mlima wa pili, akanipigia akihema.

Nilipiga kwanza kwenye boksi pana. "Nasikia kitu kama ng'ombe iko mbali," akasema. Nikahamia kwenye spika za inchi kumi. Hata kabla sijamaliza mstari, akapiga kelele kwenye simu: "Hiyo! Hiyo nasikia mpaka vidole yako!"

Mambo yakaisha hapo. Nilijua nataka nini. Nilitaka yule mama wa ng'ambo na watu wake wote wasikie besi ya baba yangu ikitoka kwenye nyumba yetu, wajue kwamba miaka yote hiyo alikuwepo. Muuzaji akaniambia amplifaya niliyochagua, ya wati mia tano, haitoi nguvu zake zote kwa boksi moja la ohm nane, ohm ikiwa kipimo cha jinsi boksi linavyouzuia umeme. Ukiunganisha mawili, mzigo unakuwa ohm nne, na hapo ndipo amplifaya inafanya kazi ya kweli. Nikachukua mawili. Ukinipa kisu na mkate sijui kukata kipande kidogo.

Ijumaa ile nilifika nyumbani mapema na pikapu ya bendi. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Aliyatazama maboksi yakiingia sebuleni, akauliza kama ni makabati na kama vyombo vyake vitatosha ndani. Nikamwambia angoje aone. Jua lilipoanza kushuka alikaa kwenye benchi, mwisho wake wa kawaida, na Biblia mapajani. Nikamweleza nia yangu. Nilimwambia, "Mama, nitaimba sehemu ya baba kwa hili gitaa. Wewe imba yako." Alijiweka sawa, akashusha pumzi, na nikaona koo lake likijiandaa.

Nikapiga noti ya kwanza.

Vikombe kabatini viligongana. Kioo cha dirisha kikalia. Bati la juu ya jikoni, ambalo lina msumari uliolegea tangu zamani, likaanza kupiga makofi, na kuku waliokuwa wanaingia bandani wakabadili nia. Nikapunguza sauti, lakini spika nane kwenye sebule ya mama hazijui kunong'ona. Zilipopungua zilikauka, zikabaki na ule mlio wa kugonga, tak, tak, kama mtu anabisha mlango. Niliendelea kupiga nikimtazama mama. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Kisha simu yake ikalia.

Alikuwa yule rafiki yake wa ng'ambo. Mama alisikiliza, akasema, "Hapana, hapana, sisi wazima," akakata simu na kuiweka chini taratibu.

"Wamesikia," akasema.

"Kweli? Wamesemaje?"

"Wanauliza ni nani amekufa."

Nilizima amplifaya. Sebule ikarudi kimya, na kimya chenyewe kilikuwa kibaya kuliko kile tulichokizoea. Mama alifungua Biblia, akasoma, akaomba, akasema amina. Baadaye aliniletea chai, akagonga boksi kwa ukucha, akasema, "Mbuya," yaani vizuri, vile mtu anavyosifu zawadi ya nguo isiyomtosha. Sikuwahi kumkasirikia mtu kama nilivyojikasirikia mimi siku ile.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilikaa kwenye benchi peke yangu, mahali pa baba. Nikawaza. Ng'ambo hawakumsikia kamwe, na hilo halikumsumbua. Aliyesumbuka kwa ajili yake ni mimi. Mama hakuwa na haja ya sauti inayovuka mto, ya kwake ilikuwa inatosha kwa hilo. Alichokikosa ni ile iliyofika kwake na kuishia hapo, kwenye ubao aliokalia. Nami nilikuwa nimeenda kumnunulia besi iliyochaguliwa kutoka mlima wa pili.

Wiki iliyofuata nilimrudia muuzaji na maboksi yangu mawili. Akashangaa.

"Haikusikika?"

"Ilisikika sana. Nataka kujaribu lile la zulia."

"Sasa nani anavuka leo?"

"Hakuna anayevuka."

Nilikaa sakafuni dukani kwake, sketi yangu ya ofisi na yote, nikaegemeza mgongo kwenye lile boksi la spika moja. Muuzaji akacheka mpaka akashika mlango. "Madam, hiyo ni spika, si kiti." Nikamwambia aniunganishie waya aache maneno. Kisha nikapiga polepole, sauti ikiwa chini kabisa, chini ya mazungumzo ya watu. Kwa masikio sikusikia mengi. Lakini noti ilipanda kutoka sakafuni, ikanipitia mgongoni, ikakaa hapa chini ya mbavu ambapo ilikuwa haijakaa tangu baba alipolazwa hospitalini. Nikapeleka kiganja kwenye lile tundu la chini. Kila noti ilipotoka, tundu lilinipulizia hewa mkononi. Pumzi, kabisa. Nikairudia noti ile ile, na muuzaji akaacha kucheka.

Alikubali tubadilishane. Alipendekeza nichukue na amplifaya ndogo, maana kwa sauti ile ya chini, ya wati mia tano ni ya nini. Hapo nikakataa. Nilishajaribu ndogo kwenye bendi. Ukiishusha chini kwenye noti nzito inahema na kukwaruza. Hii kubwa hutoa noti ile ile bila jasho, kama mtu wa miraba minne aliyembeba mtoto mchanga. Baba alikuwa hivyo. Hakuwa mtu mdogo mwenye sauti ndogo. Alikuwa mtu mkubwa aliyeimba kwa upole.

"Lakini na boksi moja utakuwa unatumia nusu ya nguvu," muuzaji akanionya.

"Nusu inatosha," nikasema.

Ijumaa nilifika, nikaweka boksi mwisho wa benchi, mahali pa baba, likigusana na ubao. Mama aliliangalia lile zulia lililochakaa. "Hili angalau linafanana na sisi," akasema. Aliuliza kama apige simu ng'ambo kwanza awaambie hatujafiwa. Nikamwambia hakuna haja. Nilishikilia gitaa. Nilijua hili nikilikosea sitapata la tatu.

Nilipiga noti ya kwanza na vikombe havikusema kitu. Mama aliketi tu. Nikapiga ya pili, ya tatu, nikaona mkono wake ukishuka kutoka kwenye Biblia na kushika ukingo wa benchi. Akaubonyeza ubao kwa kiganja, akawa anausikiliza. Kisha, bila kunitazama, akaanza kuimba.

Sauti yake ilikuwa na kutu. Ilipasuka mara mbili, ikajikusanya, ikapanda, ikatoka dirishani ikaenda zake ng'ambo kama zamani. Mimi nilikuwa nalia na kupiga kwa wakati mmoja, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kupiga vizuri namna ile. Tukamaliza mstari wa kwanza, tukamaliza wa pili, na kwenye wa tatu nikaingia pale pale panapostahili, sawasawa na kitabu. Mama hakuingia. Nilitangulia peke yangu noti mbili, tatu, nikageuka. Alikuwa amenyamaza, ameutazama mlango.

"Baba yako hakuwa na haraka," akasema.

Kisha akadaka wimbo mahali nilipofika, tukaumaliza, akaomba sala ndefu kuliko za mwaka mzima. Lakini mimi kile kimya chake hakikunitoka.

Kesho yake kanisani, mama wa ng'ambo alimshika mkono pale mlangoni. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini mzaha ni mzaha.

"Jana tumekusikia. Ulikuwa ukiimba peke yako."

Mama akaubana mkono ule. "Sikuwa peke yangu," akasema. "Ni nyinyi mko mbali." Wote wawili wakacheka, wakafutana machozi kwa leso moja, na mimi nikaangalia pembeni kama mtu asiyehusika.

Jumamosi ile ile jioni, tulikaa tena kuifunga Sabato. Mama alitaka wimbo ule ule. Nikawasha amplifaya, sauti ikiwa chini kabisa, naye akaweka kiganja kwenye ubao kabla sijagusa uzi. Tukaimba wa kwanza. Tukaimba wa pili. Wa pili ulipokwisha, niliinua vidole kwenye nyuzi nikaacha.

Mama akanyamaza, akatazama mlangoni. Nami nikatazama mlangoni. Spika ilikuwa na kile kivumo chake kidogo cha stima, basi, hakuna kingine kilichosikika ndani ya nyumba. Mimi mwenye damu ya haraka sikumfinya mtu. Tulimngoja baba mpaka muda wake wa kawaida ukapita, tukangoja tena kidogo. Kisha mama alilaza mkono wake juu ya lile boksi, akanitikisia kichwa, na tukaanza mstari wa tatu bila yeye.